Kaunta buku ya 2009: kwa nyie mnaoanza kuripoti mashindano ya kuimba

Wiki iliyopita nilikua nahama, na kuhama mnakujua kunafukua kila kitu, chini kabisa ya boksi la waya na chaja mbovu nikakuta kaunta buku yangu ya kwaya mbili niliyoianza mwaka 2009, mwaka wangu wa kwanza kwenye dawati la burudani. Nikakaa juu ya godoro ambalo hata kitanda halijapata nikaisoma yote. Imejaa washiriki wa mashindano ya kuimba ya kwenye TV, niliowaona usaili kwa macho yangu na niliowaona kwenye kioo tu, na kila mmoja nimempa hukumu yake ya mistari miwili mitatu kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la nne. Jamani nilikua na kiburi.

Sasa kwa vile nyie wadogo zangu mnaanza msimu huu, na jana nimemskia mmoja wenu korido anasema "mi nikimwona tu mtu najua," nimeona niwaandikie kabla hamjaanza kujua.

Nianze na neno ambalo liko karibu kila ukurasa: "hana mvuto". Nimewapa watu wengi sana hilo neno na leo nikilisoma sikumbuki hata mmoja wao aliimba nini. Yaani noti imebaki lakini mtu hayupo ndani yake. Nimeandika "sauti nzuri ila mshamba", nimeandika "huyu staa", nimeandika "atafika mbali" kwa watu ambao sijui hata waliishia kijiji gani. Ukurasa mzima hauna taarifa, una mi tu, usingizi wangu na njaa yangu na nilivyokua naona dunia nikiwa na miaka 23. Alafu katikati ya hayo makorokoro kuna noti moja nadhani niliiandika kwa bahati tu nilikua sina la kusema, inasema: "kaanza juu sana, akaona mwenyewe sauti haifiki, akasimama, akaomba radhi, akaanza upya kii ya chini, wa pili ukawa mzuri." Huyo kijana namkumbuka hadi shati. Na huyo ndo bado anaimba, anapiga na bendi kwenye hoteli na kumbi za harusi miaka yote hii, sio staa, jina lake hamlijui, lakini anakula kwa sauti yake. Hakufika hata kumi bora. Kwenye stori niliyopeleka ofisini sikumtaja, nilimtaja mwingine aliyevaa koti jekundu.

Kwa hiyo andika ulichoskia. Kaimba wimbo gani, wa nani, kaanzia wapi, kapotea kii wapi, pumzi imeisha neno gani, kaangalia wapi alipokosea. Hukumu utaitoa baadae ukiwa umekula. Ukiandika "hana mvuto" hujaandika kitu, umejielezea we mwenyewe.

Kingine, na hapa ntakaa kidogo maana ndo palipoliwa wengi, mjue kwamba mshiriki mnayemwona kwenye TV ameshapikwa. Simaanishi matokeo yamepangwa, hayo ya vijiweni waachieni wa vijiweni. Namaanisha kabla hajasimama mbele ya majaji kashapita mikono mingine. American Idol ya kule Marekani ilikua inajaza maelfu uwanjani, watu wanaimba wannewanne mbele ya maprodyuza, sekunde chache tu, asante, rudi nyumbani. Waliokua wanafika mbele ya majaji Simon Cowell, Paula Abdul na Randy Jackson ni wachache waliochaguliwa, wakiwemo wale wabovu. Ndio, yule mbovu anayekuchekesha kwenye TV naye kachaguliwa, kapita mchujo mmoja au zaidi, kila hatua kuna mtu mzima amemsikiliza akasema huyu apite. William Hung wa mwaka 2004, yule aliyeimba vibaya mpaka akawa maarufu, hakuingia kwa bahati mbaya.

Mwaka mmoja nilipata kibarua cha kugawa namba na kusaidia makaratasi kwenye usaili wa shindano fulani, silitaji, na asubuhi yule prodyuza akatukusanya sisi vibarua akasema kauli ambayo sijawahi kuisahau: leteni wazuri, leteni vituko, wa katikati warudisheni. Wa katikati! Ndo walikua wengi. Watu wanaoimba vizuri tu kawaida, wenye sauti inayohitaji mwaka mmoja wa mwalimu, wanarudishwa na kinamba chao kifuani, alafu nyumbani watu wanaangalia TV wanasema nchi hii wanaoimba ni wawili watatu tu waliobaki wanabweka. We ukija kuandika "kiwango cha washiriki mwaka huu kimeshuka" unaandika kuhusu maelekezo ya yule prodyuza, sio kuhusu washiriki.

Mfano ambao dunia nzima iliuona ni Susan Boyle wa Britain's Got Talent, shindano la vipaji la Uingereza. Aprili 2009 nilimwangalia kwenye intaneti kafe, video inakwama kila sekunde kumi, nalipia nusu saa na nusu saa yenyewe inaisha mtu hajaanza kuimba. Mama wa miaka 47, nywele hivi, gauni hivi, ukumbi unamcheka, alafu anafungua mdomo. Nililia, siwafichi, na kwenye kaunta buku nimeandika "muujiza". Baadae nikaja kuiangalia tena nikiwa nimeshafanya kile kibarua na nikaona nisichokiona mwanzo, kwamba kamera ilikua iko tayari kwa yule binti anayegeuza macho, kwamba majibizano ya kabla ya wimbo yameachwa marefu kuliko wimbo unavyohitaji. Usaili wenyewe ulirekodiwa Januari kule Glasgow, watu wakauona tarehe 11 Aprili, hapo katikati kuna miezi ya kukata na kuunga. Sauti ilikua ya kweli kabisa. Mshangao wangu ndo ulikua umetengenezwa. Mwisho wa shindano alikua wa pili, kundi la wachezaji dansi la Diversity likachukua, na Novemba mwaka ule ule albamu yake ikaenda namba moja Uingereza na Marekani. Mi nilikua nimeshaandika "upepo wa wiki mbili" baada ya kushindwa. Kutoka muujiza hadi upepo, mwezi mmoja na nusu, na mama wa watu hajabadilika chochote ni mimi tu nimebadilika.

Hapo ndo naingia kwenye kosa langu kubwa kuliko yote kwenye ile kaunta buku, nilikua nachanganya maswali mawili. Atashinda? na Atadumu? Hayo maswali hayana undugu wa karibu. Jennifer Hudson wa American Idol mwaka 2004 alitolewa akiwa wa saba, Fantasia akashinda, na Februari 2007 Hudson anapokea Oscar. Chris Daughtry alitoka wa nne mwaka 2006, bendi yake ikatoa albamu mwaka huo huo ikaja kushika namba moja. Na aliyeshinda msimu wa Daughtry ni Taylor Hicks, yule wa mvi, ambaye kwenye usaili Simon alimkatalia. Sasa sikilizeni hapa wale mnaopenda kusema jaji mkali ndo anajua: mwaka mmoja kabla, 2005, Simon huyo huyo alimwambia Carrie Underwood wewe utashinda na utauza kuliko wote waliokutangulia, na kuhusu kushinda kweli akapatia, na mauzo yake yakaja kuwa makubwa kwelikweli. Mtu mmoja, kiti kimoja, mwaka jana kapatia mwaka huu kakosea. Miaka mingi nilidhani ni bahati. Lakini angalia alikua amesikiliza kiasi gani: Hicks alimhukumu kwa usaili, Carrie alimtabiria akiwa ameshaimba mara kadhaa kwenye shoo za laivu. Wimbo wa kwanza na wimbo wa tano vinatoa majaji wawili tofauti kwenye kichwa kimoja.

Na hapa kwetu ndo kabisa. Peter Msechu alikua wa pili Bongo Star Search (BSS) 2009, Paschal Cassian akachukua, mwaka uliofuata Msechu akaenda Tusker Project Fame Nairobi, shindano la kuimba la nchi za Afrika Mashariki, akawa wa pili tena, Davis Ntare wa Uganda akachukua. Ukisoma kaunta buku yangu nimeandika "bahati yake ndo hiyo, wa pili wa milele", nikajiona mjanja kweli. Msechu yupo kwenye muziki mpaka leo na anajulikana na watoto ambao BSS hiyo hawakuwepo duniani. Kala Jeremiah naye alipita BSS, shindano la kuimba, akaja kuwa rapa wa kuheshimika. Patricia Kihoro wa Kenya alikua Project Fame 2009, Alpha Rwirangira wa Rwanda ndo akashinda, na Patricia leo wengi wanamjua kwa redio na uigizaji. Amos na Josh hawakushinda Project Fame 2013, alishinda Hope Irakoze wa Burundi, na mnajua wenyewe Amos na Josh walivyokuja kuvuma Kenya. Sisemi walioshinda wamepotea, msije mkanilisha maneno. Nasema noti yako ya usiku wa kwanza isijifanye inajua miaka kumi.

Kuna kitu kimoja nimejifunza kwa kuchelewa mpaka naona aibu kukiandika. Nilikua na msamiati wa matusi ya kiutaalam, mojawapo ni "sauti ya kwaya". Ukiimba kwa kutulia, umefungua mdomo, maneno yanaskika, mi naandika sauti ya kwaya, nikimaanisha huna soko, rudi kanisani. Nilikua nawaza muziki ni Bongo Fleva na klabu basi. Alafu Paschal Cassian, mshindi wa 2009, akaenda Injili. Walter Chilambo akashinda BSS 2012, milioni 50, naye akaja kuhamia Injili, na watu wanajaza kumbi na nyimbo zao zinapigwa kwenye daladala kuanzia asubuhi. Kumbe kile nilichokua naandika kama kasoro kilikua ni soko zima ambalo mi nilikua sina kadi ya kuliingilia. Kwa hiyo jichunguze maneno yako ya dharau, yaorodheshe kabisa, ukiona neno unalirudia jua hapo kuna kitu hujakielewa.

Ushamba wangu mwingine ulikua Kiingereza. Project Fame kule akademi, nyumba walikokaa washiriki, mambo mengi yalikua Kiingereza, na sisi tukiangalia kutoka huku roho inadunda mtu wetu akipewa maiki ajieleze, nikawa naandika "kajieleza vizuri" au "katuaibisha". Sauti siandiki! Kurasa mbili nzima za mshiriki mmoja na hamna sehemu niliyosema anaimbaje. Alafu kuna utaifa, kura zilikua za SMS, kila nchi na mtu wake, ukiandika kama shabiki wa Taifa Stars hutaskia hata mwenzako wa Burundi akikupita mbele.

Dawa niliyopata ni ya kijinga lakini inafanya kazi. Geuka. Wale wa The Voice waliianzisha Uholanzi 2010, makochi wamewapa mgongo waimbaji, na pale watu wakashangaa kumbe masikio yanafanya kazi, mi nilikua nimeshajifunza kwa shida ya kukosa kiti. Usaili mmoja nilichelewa, sehemu ya waandishi imejaa, nikakaa nje ya pazia karibu na jenereta, naskia tu sioni. Siku ile niliandika noti bora kuliko zote. Sikujua nani mrembo, nani kavaa nini, nani analia. Baadae nikaenda kulinganisha namba na sura nikajikuta nacheka, wawili niliowapa alama za juu ni watu ambao ningewaona ningeandika "hana mvuto". Sasa hivi nikiwa nyumbani naangalia TV, wimbo ukianza nageuka naangalia ukuta, wife ameshazoea.

Na ukishageuka sikiliza hivi vitu. Wimbo wa kwenye TV mara nyingi umekatwa, unakua dakika moja na nusu hivi, kwa hiyo mtu anaweza kukuangusha na mwisho wenye kelele tu, sikiliza mwanzo, pale chini, palipo kimya, ndo hamna pa kujificha. Sikiliza kama kachagua wimbo unaomzidi, maana chaguo la wimbo ni akili na akili inadumu kuliko koo. Sikiliza kama anaiga, Whitney Houston ameua watoto wa watu wengi kwenye haya mashindano, Mungu amrehemu, hakukusudia. Angalia alipangwa wa ngapi kuimba, wa mwisho anabaki kichwani mwa wapiga kura na wa kwanza anasahaulika kabla matangazo hayajaisha, na anayepanga huo mstari sio mshiriki. Na subiri wiki yenye wimbo usio wake. Wiki ya nyimbo za nyumbani kila mtu mzuri, ngoja wapewe rumba au taarab ndo utajua nani fundi.

Kuhusu kuandika vibaya juu ya mtu ntasema kidogo tu. Kwenye kaunta buku kuna ukurasa umekunjwa, binti mmoja wa usaili wa mkoani, niliandika na gazeti likatoa, mistari minne tu ya kuchekesha kuhusu sauti yake ilivyokwaruza, niliona nimepatia sana. Siku tatu baadae mama yake akapiga simu ofisini. Hakugomba. Aliuliza kama mimi ndo niliyeandika, nikasema shikamoo mama ni mimi, akasema mwanangu yule alilala pale nje kwenye foleni tangu saa nne usiku, mvua ikamnyea, nilitaka tu ujue, marahaba. Akakata. Mhariri wangu akaniuliza we ulimwona kwenye foleni? Sikumwona. Nilifika saa nne asubuhi na majaji. Nilikua nimeandika mvua nikaiita sauti.

Mnaniuliza kama kuna niliyempatia. Yupo mmoja, niliandika atashinda akashinda, na miaka kadhaa nilikua nalisema hilo kila kikao cha kahawa. Juzi nimesoma kaunta buku nikakuta msimu ule ule niliandika "atashinda" kwa watu watano. Kwa hiyo ule ushindi mniwie radhi wale wote niliowatambia.

Noti zenu msizitupe, hata za aibu, na mziwekee tarehe na saa, saa ni muhimu, utashangaa washiriki wa baada ya chakula cha mchana wanavyopata alama nzuri. Na msimu ukiisha zirudieni kabla hamjaandika ile stori ya "tulijua tangu mwanzo", maana ile stori kila mwaka inaandikwa na kila mwaka ni uongo.

Jumamosi usaili unaanza rasmi saa nne. Nyie njooni saa kumi na moja alfajiri, mimi ntakua getini na chupa ya chai, mabango na kamera vikiwa bado havijafungwa. Tutaanzia mwisho wa foleni twende mbele, hamna kumwambia mtu aimbe, ni kuuliza tu umetoka wapi, umelala wapi, umekula nini, leo unaimba wimbo gani na kwanini huo. Njooni na kaunta buku, sio simu, simu itaisha chaji saa tano. Na koti, pale asubuhi kuna upepo wa baharini.